Kila akiamka usingizi wa mchana, alikwenda mlangoni

Kila akiamka usingizi wa mchana, mwanangu alikuwa akishuka kitandani, anapita sebuleni bila kuniangalia, anakwenda kusimama mlangoni. Halii, hagongi. Anaweka kiganja kimoja kwenye mbao na kungoja. Nikimwita hageuki. Nikimbeba anajinyoosha mwili mzima mpaka nimshushe, kisha anarudi palepale. Baada ya dakika 10 hivi anachoka, anakuja kukaa miguuni pangu, na siku inaendelea.

Nilidhani anataka kutoka. Nikamvalisha viatu, nikamtoa. Tulipofika nje aligeuka akautazama mlango uleule, sasa kwa upande wa pili.

Alikuwa na miezi 22 tulipohama nchi. Mama yake alipata kazi ugenini, mimi nikaacha yangu, na kwa miezi 8 ya mwanzo, nikingoja kibali cha kufanya kazi, mimi ndiye niliyeshinda naye nyumbani. Kabla ya hapo nilikuwa baba wa asubuhi na jioni tu. Mchana wake wote ulikuwa wa Bibi, mama yangu mzazi, aliyemlea tangu mke wangu aliporudi kazini.

Kabla hatujaondoka, kila tuliyemuaga alituambia jambo moja: mtoto mdogo hana shida, anazoea haraka. Ndugu walisema hivyo, marafiki walisema hivyo, hata daktari aliyempima kabla ya safari alisema hivyo. Nami nililipokea neno hilo kwa mikono miwili kwa sababu lilinipunguzia mzigo. Nilikuwa na vibali vya kufuatilia, nyumba ya kutafuta, mke wa kutia moyo. Mtoto nikamweka kwenye orodha ya mambo yatakayojipanga yenyewe.

Kitu cha kwanza kukataa kujipanga kilikuwa usingizi. Tulikoenda kulikuwa nyuma kwa saa 7. Wiki ya kwanza, saa 7 usiku, alikuwa macho kabisa, anataka mpira, anataka kutembea, na mama yake alitakiwa kuwa kazini asubuhi. Mchana alilala kama gogo, nasi tukafunga mapazia ili apumzike vizuri, tukiamini tunamsaidia. Tulikuwa tunamchelewesha. Mwili wa binadamu husogeza saa yake polepole, kwa makadirio saa moja kila siku, na kinachousukuma zaidi ni mwanga wa jua. Kwa sisi tuliokwenda upande wa magharibi, dawa ilikuwa kumtoa nje alasiri, jua likiwa bado lipo, na kumwamsha usingizi wa mchana ukizidi saa moja na nusu, hata kama inauma kumwamsha. Nilibandika karatasi ukutani nikawa naandika saa alizolala. Mtoto wa umri ule anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na nilipozijumlisha niliona kwamba tatizo lilikuwa mpangilio tu. Saa zenyewe zilikuwa zinatosha. Hilo peke yake lilinituliza. Siku ya 9 alilala mpaka alfajiri.

Kisha sakafu. Tulihamia ghorofa ya tatu, na sakafu yetu ilikuwa dari ya watu wengine. Mtoto aliyezoea uwanja alikimbia kutoka dirishani hadi jikoni mara 50 kwa siku, na jirani wa chini akaja kubisha hodi, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji angalau dakika 180 za kuchezesha mwili kila siku. Nilipousoma niliacha kumkemea. Mtoto yule hakuwa mtundu, alikuwa na deni la kukimbia na hakuwa na mahali pa kulilipia. Kuanzia hapo tulikuwa nje kabla ya saa 3 asubuhi, kila siku, mvua na baridi, hata siku ambazo mwili wangu haukutaka. Kumvalisha tu kulinichukua dakika 20: soksi mbili mbili, koti, kofia anayoivua, glavu anazozivua. Na nikajifunza jambo ambalo sikuwa na sababu ya kulijua zamani, nalo ni la kuokoa maisha: kwenye kiti cha mtoto cha gari, koti nene huvuliwa kwanza. Ukifunga mikanda juu ya koti inaonekana imekaza, lakini gari likigonga koti linabonyea na mikanda inabaki imelegea. Unafunga mikanda juu ya nguo za kawaida, halafu unamfunika na koti kwa mbele.

Kliniki ilinifundisha kutochukia haraka. Nilikwenda na kadi yake nikijivunia, chanjo zote zilikuwa zimetiwa alama kwa tarehe. Nesi alianza kwa kulitazama kovu la begani kwake kwa muda mrefu, kwa sababu nchi zenye wagonjwa wachache wa kifua kikuu nyingi haziwapi watoto wote chanjo ile. Kisha akasema dozi ya surua aliyopata akiwa na miezi 9 hawaihesabu, itabidi aanze upya. Niliona kama wanatudharau, kama kadi yetu haina thamani. Niliuliza sababu kwa sauti ambayo leo ningeipunguza. Akanieleza bila kukasirika: mahali ambapo surua ni nyingi watoto huchanjwa mapema, miezi 9, ili wasiambukizwe, lakini katika umri huo kinga waliyorithi kwa mama inaweza kuidhoofisha chanjo, ndiyo maana dozi inayotolewa baada ya kutimiza mwaka ndiyo wanayoitegemea. Kadi yetu ilikuwa sahihi kwa tulikotoka, na utaratibu wao ulikuwa sahihi kwa tulikofika. Anayehama na mtoto aibebe kadi ya kliniki kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na pasipoti. Sisi tuliibeba hivyo, na ilituokolea miadi mingi.

Ni kwenye miadi hiyohiyo, mwezi wa pili tangu tufike, ndipo nilipoulizwa: anasema maneno mangapi?

Nilinyamaza. Kabla ya safari alikuwa na maneno kama 30. Maji. Nje. Twende. Bibi. Alikuwa ameanza kuyaunganisha mawili mawili, "maji baridi," "Bibi njoo." Sasa, nikijiuliza ni lini mara ya mwisho nimesikia neno kinywani mwake, sikuweza kukumbuka. Lilikuwa limetokea kidogo kidogo mbele ya macho yangu, na mimi niliyeshinda naye kutwa sikuliona. Alikuwa akinionyesha kwa kidole, akinivuta suruali, nami nilimpa anachotaka na kuendelea.

Mhudumu mmoja, si yule nesi, alitushauri tuache Kiswahili nyumbani kwa muda ili mtoto asichanganyikiwe, tuzungumze naye lugha ya nchi tu. Nia yake ilikuwa njema. Sisi tulikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hushika kamba yoyote anayorushiwa. Tukakubali.

Zilikuwa wiki tatu ambazo mpaka leo zinaniuma. Lugha ile naijua kwa kusoma na kwa ofisini. Najua kuomba kibali, kuandika barua, kuelezea maumivu ya mgongo. Sikuwa na neno la kumbembeleza mtoto aliyejigonga kichwa kwenye meza. Kwa Kiswahili lingenitoka lenyewe, "pole baba, pole, tuipige meza," nikiwa tayari nimemnyanyua. Sasa nilisimama sekunde nzima nikitafuta neno, na alipoliona lile pengo usoni mwangu alilia zaidi. Jioni nyumba ilikuwa kimya. Mimi na mke wangu tulizungumza na mtoto kama wageni wanaosubiri kuhudumiwa, halafu akilala tunarudi kwenye lugha yetu kwa kunong'ona, kama tunaiba. Michezo ikapungua. Hadithi zikaisha, kwa sababu sikujua sungura anatembeaje katika lugha ile. Tulimnyima mtoto mazungumzo, tukaita kumsaidia.

Mke wangu ndiye aliyevunja. Usiku mmoja mtoto alishtuka usingizini, naye akamwimbia kwa Kiswahili bila kufikiri, wimbo uleule wa siku zote, na mtoto akamshika shavu kwa mikono miwili akimtazama mdomo. Mke wangu alitoka chumbani analia. Akasema, "Baba Mdogo wake hata akikasirika, sirudii tena." Baba Mdogo wake, yaani ndugu yangu, ndiye aliyekuwa akitusisitizia kwa simu tufuate ushauri ule.

Baadaye nilisoma na kuuliza wanaofanya kazi ya matamshi na lugha za watoto. Kukua na lugha mbili hakumfanyi mtoto achelewe kusema. Akichanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja si kuchanganyikiwa, anatumia alivyonavyo. Na maneno yake huhesabiwa kwa jumla ya lugha zote. Ukihesabu ya lugha moja tu, kila mtoto wa lugha mbili ataonekana yuko nyuma. Walichotuambia tufanye kilikuwa kumpima masikio, maana mtoto anayenyamaza lazima kwanza ujue kama anasikia. Alipimwa, yalikuwa mazima. Na walisema mzazi azungumze lugha anayoweza kusimulia ndani yake, kuonya ndani yake, kubembeleza ndani yake. Nilitamani mtu angeniambia hivyo wiki tatu mapema.

Kuhusu simu na Bibi, hapo pia tulikosea kwa kujitahidi. Mwongozo niliousoma ulisema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo cha runinga au simu, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Nikaubana mpaka simu za Bibi nikazihesabu humo. Zikawa mara moja kwa wiki, na kila ikipigwa mtoto anahojiwa: huyu nani? sema Bibi, sema shikamoo, ulimi umekwenda wapi? Anakimbilia chini ya meza. Kumbe hata Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, ambacho mwaka 2016 kilishauri watoto wa chini ya miezi 18 wasiwekwe mbele ya vioo, hakikuyahesabu humo mazungumzo na ndugu kwa video, maana upande wa pili kuna mtu anayewajibu. Tukabadilisha. Kila siku saa 4 asubuhi kwetu, ambayo kwake ni saa 11 jioni, dakika 10 tu, bila maswali. Bibi anajifunika uso kwa kitambaa na kuibuka. Anaimba. Anakunja nguo zake na kutaja kila anachokunja. Mtoto akikaa, sawa. Akiondoka, Bibi anaendelea kuimba na sauti yake inabaki ndani ya nyumba yetu.

Katika moja ya asubuhi hizo, mtoto akiwa anacheza pembeni, nilimsimulia Bibi habari za mlango. Nilisimulia kama jambo la kushangaza tu. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Baba," akasema, "mlimchukua amelala."

Ni kweli. Siku ya safari mimi ndiye niliyeamua. Nilisema tungoje alale mchana, tumbebe hivyohivyo hadi kwenye gari, asije akamlilia Bibi tukashindwa kuondoka. Bibi alimlaza mwenyewe kama kawaida, akijua. Hakumuaga. Kila siku ya maisha yake, wakati amelala, Bibi alikuwa nje akianika nguo au akifagia, na akimsikia ameamka anafungua mlango na kuingia. Siku hiyo aliamka kwenye gari, na Bibi hakuingia. Miezi mitatu baadaye alikuwa bado anamfungulia nafasi ya kuingia.

Mtoto huyu hakuwa amezoea. Alikuwa anangoja, kwa adabu, bila kelele, na sisi tuliita utulivu wake kuzoea.

Niliomba ushauri kwa Bibi mwenyewe, na alilolisema ndilo tulilofanya. Alisema mtoto anaelewa mengi kuliko anayoyasema, basi aambiwe. Asubuhi iliyofuata alimwita kwenye simu, akamwambia taratibu: "Mimi Bibi yako nilikulaza. Ukaondoka umelala, sikukuaga. Nipo kwangu, wewe upo kwenu na baba na mama. Leo nakuaga. Kesho nitakupigia tena." Mtoto alimtazama muda mrefu, akaigusa simu kwa kidole, akarudi kwenye mpira wake. Mchana alipoamka, alikwenda mlangoni kama siku zote.

Lakini sasa nilikwenda naye. Nilikaa sakafuni kando yake nikaweka kiganja changu chini ya chake. Nilimwambia, "Unamngoja Bibi. Bibi yuko mbali, tulikuja kwa ndege. Na mimi namkumbuka." Tulibandika picha ya Bibi ukutani kando ya mlango, kwa urefu wa macho yake. Siku nyingine alilia, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu tufike, na nilimwacha alie kifuani kwangu. Ilichukua wiki nyingi. Sikumbuki siku aliyoacha kwenda kusimama pale. Nakumbuka tu kwamba mwezi wa tano alianza kusema tena, na neno la kwanza kurudi lilikuwa "pole," alilonipa mimi nilipojigonga kidole.

Nisiache kusema habari za mama yake. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwapo kutwa, mtoto alinishika mimi. Mama akirudi jioni amechoka anamkimbilia, naye anajificha nyuma yangu. Aliumia sana, na maumivu yale yaligeuka ugomvi kati yetu juu ya vitu vidogo kabisa, vyombo, taa, nani kasahau nepi. Kilichosaidia ni kumpa shughuli ambayo ni yake peke yake, isiyoguswa na mimi: kuoga. Kila jioni, mama ndiye anayemwogesha, mlango umefungwa, mimi nimetoka kutembea. Siku za mwanzo nilisikia kilio mpaka kwenye ngazi. Sikurudi. Baada ya wiki mbili nilisikia maji yakipigwapigwa na watu wawili wakicheka.

Kibali changu kilipotoka, alikuwa na miezi 30, na ilibidi aende kituo cha kulelea watoto. Safari hii niliapa kwamba hakuna kumtoroka. Walezi wengi hukwambia uchungulie anapocheza uondoke kimyakimya, na ni kweli hutasikia kilio. Mimi nilipiga magoti kila asubuhi, nikamwambia, "Baba anakwenda kazini. Ukishakula na kulala na kuamka, mimi naingia kwa mlango ule." Alilia. Nikaondoka akilia, na nikarudi wakati niliomwambia nitarudi, kila siku, sikuchelewa hata mara moja. Siku ya kwanza nilikaa naye saa nzima, ya pili nilitoka dakika 15, tukaongeza hivyo hadi wiki ya pili ikaisha.

Pale kituoni alinyamaza tena, karibu miezi miwili, na safari hii sikuogopa. Watoto wengi wanaoingizwa kwenye lugha mpya hupitia ukimya kama huo, wanasikiliza kwanza. Niliwaandikia walezi kadi yenye maneno sita kwa jinsi yanavyotamkwa: maji, choo, inauma, lala, imetosha, baba anakuja. Mlezi mmoja aliyajaribu palepale. Aliposema "maji" kwa lafudhi yake, mwanangu aliyekuwa amempa mgongo aligeuka mzima mzima akamtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Jumamosi iliyopita aliamka usingizi wa mchana saa 9 alasiri. Kwa Bibi ilikuwa saa 4 usiku, lakini alikuwa ameomba tumpigie muda huo, akasema atachelewa kulala. Mtoto alitoka chumbani, akaniona nimeshika simu, akainyang'anya. "Kamoo Bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba, mume wangu, umeamka?" Hakujibu. Alikwenda nayo moja kwa moja mpaka mlangoni, na siku hizi kitasa anakifikia. Akafungua, akatoka hatua moja, akaiweka simu chini kwenye ngazi, uso wa Bibi ukitazama ndani. Kisha akarudi, akasimama pembeni kumpisha.

"Bibi, pita."

"Napita, mume wangu," Bibi akasema. "Nishike mkono."

Akainama akaiokota simu kwa mikono miwili, akaingia naye.